Nafasi Chini ya Mwavuli

Harusi niliyotia mkono mimi haiharibiki. Ulizeni Kariakoo nzima, kuanzia wauza nazi wa sokoni mpaka mafundi cherehani wa Mtaa wa Kongo. Nani aliyewatafutia watu matari siku wapigaji walipogombana wakapasuliana ngozi? Fikirini. Nani aliyemtoa bwana harusi chooni alikojifungia kwa woga, akamfikisha mlangoni kwa mkewe huku anacheka? Fikirini huyuhuyu. Basi sahibu yangu Suud aliponiambia siku yake imewekwa, nilimwambia akalale, mengine aniachie mimi.

Suud ni mtoto wa Mzee Sheikhan, Mwarabu mwenye duka la nguo na miavuli linalotazamana na soko. Mimi nilikuwa karani wao. Msinione hivi, nimefika sekondari, na Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kikileta mzigo dukani. Mzee Sheikhan akitaka mali kwa Mjapani, alinituma mimi, maana Mjapani hakujua Kiswahili cha kununulia hata ndizi, na Mzee Sheikhan hakujua Kiingereza hata cha kukatalia.

Msichana mwenyewe aliitwa Hamdiya, wa mtaa wa Gerezani. Suud alimpenda mpaka akawa anapima kitambaa anakosea, mteja anataka shuka anakatiwa leso. Tatizo lilikuwa mama yake Hamdiya, Bi Hind. Mama huyu mumewe alioa mke wa pili kwa siri, na siku moja akamleta mpaka mlangoni, amemshika mkono, kana kwamba analeta kikapu cha embe. Tangu siku hiyo Bi Hind alikuwa haamini mwanamume yeyote anayebisha hodi. Suud alikubaliwa kwa kiapo. Aliapa mbele ya mashahidi kwamba Hamdiya hataletewa mwanamke mwingine, si kwa siri si kwa dhahiri, na siku atakayoletewa ndiyo siku atakayoidai talaka yake naye ataitoa bila ubishi.

"Nimeapa, Fikirini," Suud aliniambia, "na wala sikuona uzito. Nitampeleka nani mimi? Nikimwona huyu mmoja tu natetemeka."

"Usitetemeke siku yenyewe," nikamwambia, "upanga utakuangukia miguuni."

Sasa Mjapani. Aliitwa Bwana Oda, na ghala lake lilikuwa Uhindini. Miaka ile mali ya Japani ilikuwa imejaa mji: sahani, viatu vya raba, vifungo, kanga, na miavuli myeusi ya kitambaa tuliyokuwa tukiiuza kama njugu. Siku moja nilipokwenda kumchagulia mzee miavuli, nikaona nyuma ya makasha kitu kimesimama, kimezongwa kitambaa cheupe, kirefu kama mtoto aliyeadhibiwa akaambiwa asimame kona. Nikauliza ni nini. Bwana Oda akakizongoa polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

Ulikuwa mwavuli, lakini si kama hii yetu. Mpini wa mwanzi mweusi. Mbavu za mwanzi nazo, nyembamba, nyingi, zimekaribiana kama miba ya samaki. Na juu yake karatasi. Karatasi, jamani! Nyekundu, imepakwa mafuta mpaka inang'aa kama mdomo wa mtu aliyekula tambuu. Hakuufungua wote. Aliukunjua kidogo tu, nikasikia mlio kama wa ndege mkubwa anayenyoosha bawa, halafu akaufunga haraka.

"Ni wa harusi," akasema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Mama yangu alitembea chini yake. Dada yangu angetembea chini yake."

"Hakuolewa?"

"Siku ilifika."

Akaanza kuuzonga kitambaa chake tena. Nikaona si adabu kumwuliza siku ilifika kisha ikawaje.

Lakini kuuomba niliuomba. Akanipa masharti. Anayekaa chini yake ni bibi harusi. Anayeushika ni mtu mwingine, anatembea nyuma. Na usifunguliwe kamwe pasipo bibi harusi wa kuufungulia.

"Bibi harusi wa rafiki yako atatembea chini yake?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Tena mzuri."

Niambieni nyinyi, ningemjibuje? Kwetu bibi harusi hatembei. Yuko ndani na somo wake, mwanamke mtu mzima anayemfunda, kapakwa hina, kafukizwa udi, hata jua halimwoni. Anayetembea ni bwana harusi. Akishafungishwa ndoa msikitini anapelekwa kwa mkewe kwa matari na nyimbo, kavaa joho na upanga, na mwavuli unashikwa juu ya kichwa chake yeye. Ningeanza kumfafanulia Mjapani yote hayo, ningerudi Kariakoo mikono mitupu. Na Suud nilimwambia nini? Nilimwambia Mjapani kasema ni mwavuli wa harusi. Si ndivyo alivyosema?

"Wa karatasi?" Suud akaushika kwa ncha za vidole. "Mvua ikinyesha je?"

"Ikinyesha utafika kwa mkeo umemwagikiwa uji mwekundu. Watadhani na wewe umepakwa hina."

Akacheka. Ndiye Suud, ukimchekesha amekubali.

Siku ikafika. Ndoa ikafungwa msikitini baada ya alasiri, mambo yakaenda vizuri, Mzee Sheikhan akalia kidogo akasingizia vumbi. Tukatoka nje. Jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu. Nikasimama nyuma ya Suud, nikaufungua mwavuli wote kwa mara ya kwanza. Mbavu zikalia moja baada ya nyingine, trrrrr, na wekundu ukashuka juu ya joho lake, juu ya kilemba, juu ya mchanga. Watu wakapiga kelele za kushangaa. Nilijisikia kama mimi ndiye ninayeoa.

Kutoka pale kwenda Gerezani si mbali, lakini mwavuli kama ule huwezi kuupitisha uchochoroni. Nikawaongoza wapiga matari tuzunguke kwa Mnazi Mmoja, mji utuone.

Hapo mwanzo ulikuwa mwepesi kama ungo. Tulipolipita soko, ukaanza kuegemea kushoto. Upepo haukuwepo. Nikauvuta kulia, ukakubali, halafu ukarudi tena kushoto, taratibu, kama mtu anayekuvuta mkono wa kanzu kwa haya. Nikatazama upande ule. Kushoto kwa Suud palikuwa wazi. Watu walikuwa wamesongamana mbele, nyuma, na kulia, wanakanyagana visigino, lakini pale kushoto palibaki nafasi ya mtu mmoja na hakuna aliyeingia. Hata watoto, ambao kwenye msafara wa harusi hupita hata katikati ya miguu yako, walipofika pale walizunguka.

Kisha nikasikia mitalawanda. Vile viatu vya mti tunavyovaa bafuni, nani asiyejua mlio wake? Ko. Ko. Ko. Hatua fupifupi, za mtu aliyevaa nguo ya kubana. Lakini mtalawanda hulia juu ya sakafu, na sisi tulikuwa tunatembea juu ya mchanga wa Kariakoo, ambao hata punda akipita na mzigo husikii. Nikainamisha macho. Mbele yangu, pembeni ya nyayo za Suud, mchangani palikuwa pamechorwa mistari miwili mifupi, halafu mbele kidogo miwili mingine, kama mtu anayehamisha kigoda kidogo kidogo. Nikajiambia ni alama za fimbo ya mzee fulani. Nikawa nazikanyaga, nazifuta kwa mguu, natembea.

Na vigelegele. Barazani wanawake walikuwa wamejipanga, tukikaribia wanapiga vigelegele vya kupasua masikio. Mwavuli ukiwafikia, wananyamaza. Hawamalizii, wanakatika katikati, mdomo wazi, mkono bado uko mdomoni. Tukishapita, nasikia nyuma yetu minong'ono tu.

Mnazi Mmoja muuza kahawa mmoja akatua dele lake akapiga kelele, "Hee! Bwana harusi keshamchukua mkewe! Sasa mnampeleka wapi tena?"

"Kunywa kahawa yako, imekulewesha!" nikamjibu, na wenzangu wakacheka.

Suud hakugeuka. Bwana harusi hageuki, anatazama mbele na chini, ndiyo heshima. Aliniuliza tu kwa pembe ya mdomo, "Wanasema nini?"

"Wanasema umependeza."

"Mbona nasikia baridi upande huu?"

"Woga," nikasema. "Nilikwambia usitetemeke."

Tukafika kwa Bi Hind. Mlango ulikuwa umejaa wanawake, wamevaa wamevalika, na mbele yao Bi Hind mwenyewe na mrashi wa fedha, tayari kumnyunyizia mkwewe marashi ya waridi. Akatabasamu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno ya mama yule. Akainua mrashi, akanyunyiza. Niliyaona matone yakiruka, yakang'aa mekundu chini ya mwavuli, yakaenda upande wa kushoto. Mchangani hayakuanguka. Yalikomea hewani, usawa wa bega la mtu, yakaanza kuteremka polepole kama yanavyoteremka juu ya hariri.

Nikasogea kando kidogo, maana mlangoni palibana.

"Suud," Bi Hind akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Huyo nani?"

"Nani, mama?"

"Huyo uliyeniletea mlangoni kwangu. Huyo mwanamke."

"Mama, niko peke yangu."

"Kavaa nyeupe mpaka kichwani kama mtu aliyeshonewa sanda, kainamisha uso, kasimama bega kwa bega na wewe, unaniambia uko peke yako? Uliniapia nini, Suud? Mbele ya nani?"

Nyuma yake mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao haukuwa kigelegele. Wakasukumana kurudi ndani. Mlango ukabamizwa, komeo likashuka. Mzee Sheikhan akagonga kwa kiganja, akaita kwa upole, akaita kwa ukali, mlango haukufunguliwa. Matari yalikwishanyamaza zamani. Suud alibaki kasimama na upanga wake, jasho linamtoka chini ya kilemba, akiutazama mlango wa nyumba ya mke wake.

Nikataka kuufunga mwavuli. Haukufunga. Nikavuta, nikasukuma, mbavu zimekaza, kama kuna mtu ndani anazizuia kwa mikono. Niliurudisha dukani hivyohivyo, ukiwa wazi, kwa njia za nyuma, na watu niliokutana nao walinipisha kwa upana zaidi kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Dukani nikauweka chini, nikageuka kunywa maji. Nilipogeuka tena ulikuwa umefungwa, umesimama kona.

Kesho yake asubuhi nikaukwapua, mbio Uhindini. Bwana Oda alikuwa anapanga sahani. Nikamwambia ahsante, mwavuli wako huu, harusi imekwenda vizuri.

"Bibi harusi alitembea vizuri?"

Sijui kwa nini siku ile ulimi ulinisaliti. "Alitembea bwana harusi," nikasema. "Kwetu bibi harusi hukaa ndani."

Akaacha sahani. "Kwa hiyo nafasi yake ilikuwa wazi."

"Nafasi gani?"

Macho yake yaliniacha, yakapita juu ya bega langu, yakatulia pale. Kisha akaweka mikono mapajani akainama, chini kabisa, mgongo umenyooka kama meza. Mimi nimemjua Bwana Oda kwa muda mrefu, huniinamia kidogo kwa kichwa. Mwinamo ule haukuwa wangu. Nyuma yangu palikuwa na mlango tu na jua la barabarani.

"Siuchukui," akasema alipoinuka, bila kunitazama. "Sasa mwavuli una mwenyewe."

Niliuegemeza ukutani mwake nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilitembea katikati ya barabara, mahali penye kelele za mikokoteni, nisisikie kitu kingine chochote.

Habari ilienea mji mzima. Waliokuwa barazani walisema wamemwona. Sisi tuliokuwa ndani ya msafara, wote wa nyuma na wa mbele, tuliapa hatukuona. Suud alikonda. Akawa anakaa dukani nyuma ya majora, hapimi kitambaa, hacheki hata nikimwigizia muuza kahawa. Hatimaye Bi Hind akaleta ujumbe kwamba Ijumaa baada ya sala waje, Suud na baba yake, na yule aliyeshika mwavuli. Anataka talaka ya mwanawe.

Tulipofika barazani kwake Suud akanishika mkono.

"Fikirini, wewe ulikuwa nyuma yangu. Waambie tu ulichokiona. Basi. Mimi sina la zaidi, nikitoa talaka hii nimekwisha."

"Usiwe na shaka," nikasema. "Maneno ni kazi yangu."

Sebule ilikuwa nusu giza, madirisha yamefungwa. Bi Hind amekaa mkekani na buibui lake, nyuma yake pazia la mlango wa ndani. Mzee Sheikhan akakaa, Suud akakaa kichwa chini. Mimi nikakaa karibu na mlango wa nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sitaki maneno mengi, Fikirini. Ulikuwa umeshika mwavuli. Nani alikuwa chini yake?"

Nilikuwa nimelipanga jibu langu. Nikisema nilichokisikia, nitaulizwa mwavuli nilipewa kwa masharti gani, na Mzee Sheikhan hawezi kumweka dukani karani anayetafsiri nusu nusu. Nikisema sikuona kitu, ni neno langu na la msafara mzima dhidi ya wanawake wachache wa Gerezani.

"Suud peke yake," nikasema. "Mimi sikuona mtu mwingine, Mungu shahidi. Jua lilikuwa kali, mama, karatasi nyekundu, nyinyi hamkuwa mmekula tangu asubuhi kwa shughuli. Kivuli cha mwavuli ule kingeweza kumfanya hata Mzee Sheikhan aonekane kigori."

Mzee Sheikhan akakohoa kuzuia kicheko. Bi Hind hakucheka.

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Hasha, mama. Ni jua."

"Jua." Akamgeukia Suud. "Shahidi wako hana ushahidi, ana mzaha. Mimi nimeona kwa macho yangu, na kiapo ulikula mwenyewe. Toa talaka, mwanangu, tusiaibishane."

Suud akafungua mdomo.

"Mama, ngoja."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya kijana, haikuwa na woga.

"Hamdiya, hukuulizwa," Bi Hind akasema.

"Ndiyo, na mimi ndiye ninayeachwa. Nilikuwa dirishani, mama. Nilichungulia."

"Bibi harusi dirishani!"

"Nilitaka kumwona mume wangu anavyokuja. Nilimwona yeye, na yule bibi nilimwona." Mzee Sheikhan akaligeukia pazia. "Suud hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anatazama mlango wetu tu. Na jua lote lilikuwa juu ya kilemba chake, jasho linamtiririka. Mwavuli haukuwa juu yake, mama. Hukuona? Mwavuli ulikuwa juu ya yule bibi."

Bi Hind akageuka kulitazama pazia, nami nilimwona anakumbuka.

"Kaka Fikirini," Hamdiya akasema.

"Naam."

"Ulikuwa umemfunika yeye. Ulikuwa umeushika kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyebeba mayai. Na alipofika mlangoni ulirudi nyuma, ukamwinamia, ukamwambia, 'Pita, bibi.' Dirisha langu liko juu ya mlango, nilikusikia. Hakuna mtu anayempisha upepo."

Nikatafuta neno. Mimi, Fikirini. Nilitafuta hata la kuchekesha, halikuja. Mzee Sheikhan alikuwa ananitazama. Suud naye alikuwa ameinua kichwa, ananitazama, na katika macho yake hapakuwa na hasira bado, palikuwa na kuuliza tu, ambako kulikuwa kubaya zaidi.

"Mgeni yule hakuja na mume wangu," Hamdiya akasema. "Alikuja na huyu. Mama, Suud aingie."

Bi Hind akajifunga buibui lake vizuri. Kisha akainuka, akalishika pazia, akalisogeza. Suud akasimama, akajikung'uta kanzu, akapita bila kunigeukia, na pazia likarudi. Mzee Sheikhan akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini.

Nami nikataka kujiinua, maana mshika mwavuli humsindikiza bwana harusi mpaka kizingiti cha chumba, ndiyo ada yetu.

"Wewe hapana," sauti ya Hamdiya ikasema nyuma ya pazia. Safari hii ilikuwa ya chinichini, kama ya mtu anayeona kitu kupitia tundu la kitambaa. "Wewe kaa hukohuko mlangoni na mgeni wako. Na usogee kidogo, kaka. Umeikalia nguo yake."